Mursik ya Wapiga Deki

Wewe umeshawahi kupewa maziwa unywe na mdomo wako umefunikwa? Basi hilo lilimpata Eucabeth, ambaye wenzake humwita Mama Clifford, mpiga deki wa chuo kikuu kule Kericho, mwaka ule wa korona.

Wanafunzi walikuwa wamerudishwa makwao, na hosteli moja ikageuzwa ya karantini, ya watu waliotoka safari za mbali. Walimu walifundisha kwa simu wakiwa sebuleni kwao. Lakini sakafu haipigwi deki kwa simu, kwa hivyo Eucabeth na wenzake waliendelea kufika asubuhi, majani chai ya jirani bado yakidondosha umande.

Msimamizi wao, Kipkirui, alikuwa mtu wa roho nzuri, mrefu, na rundo la funguo kiunoni, hata ulimsikia kabla hujamwona. Vifaa vilipochelewa alizunguka mwenyewe mpaka akapata maski na glavu. Halafu akaenda kwenye mashamba ya majani chai akaomba zile aproni nzito za plastiki ambazo wachumaji hujifunga wasilowe. Caren, rafiki wa Eucabeth, alipojifunga yake akajitazama juu mpaka chini.

"Sasa nimebakisha kikapu tu mgongoni," akasema, "nianze kuchuma mapazia."

Kila Jumatatu Kipkirui alisimama mbali nao, vile alivyowafunza, akauliza, "Kuna shida, akina mama?" Nao wakajibu, "Hakuna shida." Utamwambia nini tena mtu aliyekubebea aproni begani kwake?

Shida ya Eucabeth ilikuwa nyumbani. Alikuwa anaishi na mama yake, mzee mwenye pumu, na aliogopa kumbebea ugonjwa kwa nguo na nywele. Jioni, na jioni ya Kericho haikosi mvua, alipitia nyuma akaoga kwa beseni ndani ya kibanda cha mabati, maji baridi, meno yakigongana. Hata hivyo hakujiamini. Aliweka kigoda nje chini ya dirisha, mama akakaa ndani, wakapiga hadithi kupitia vyuma.

"Kati yetu ni nani amefungwa?" mama aliuliza, wakacheka. Lakini kila mmoja alikula ugali wake peke yake, na Eucabeth akalala jikoni.

Daktari wa karantini alikuwa amewaambia dawa yake: oga na ubadilishe nguo hapa hapa kazini, ndipo uende kwako. Aoge wapi? Hosteli C ilikuwa tupu, na bafu zake zilikuwa na maji moto, yaliyopashwa na jua juu ya paa. Eucabeth alizisugua kila siku, mvuke ukimpapasa uso, kisha Kipkirui akafunga mlango. Zilikuwa za wanafunzi. Hakuna aliyewahi kuwakataza wapiga deki kuoga humo, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Siku wageni wa karantini walipoachiliwa, wote wazima, Kipkirui aliwaita wafanyakazi uwanjani. Akaja amekumbatia kibuyu kirefu, shingo yake imepambwa kwa shanga. Mama yake alikuwa amekituma kutoka Siongiroi, kimejaa mursik, yale maziwa lala ya rangi ya majivu ambayo Wakipsigis huwapokelea wakimbiaji wao wakirudi na medali.

"Nyinyi ndio washindi wetu," akasema. Akashusha maski, akapiga funda moja la heshima, kama inavyofanywa kwao, kisha akamnyooshea Eucabeth kibuyu kile kile, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri.

Eucabeth akakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito, kikinukia moshi mtamu. Akakitazama. Akafikiria dirisha lenye vyuma. Hakunywa.

"Mama Clifford," Kipkirui akasema polepole, "unakataa maziwa ya mama yangu?"

"Anatafuta pa kuyapitishia," Caren akadakia. "Tukishusha maski unatufokea. Ama tunywe kwa masikio?"

Kipkirui akatazama kibuyu, akatazama ile maski iliyoning'inia kidevuni kwake, akajishika kichwa. "Mimi! Mimi niliyewaimbia mita moja tangu Machi!" Akaanza kucheka, nao wakacheka mpaka aproni zikapiga kelele.

Alipotulia akapandisha maski. "Basi hiyo tutaimimina, kila mtu na kikombe chake, mimi nimalizie kibuyu. Lakini nilitaka kuwapa kitu. Niambieni, mnataka nini?"

"Hakuna shi—" Caren akaanza, kwa mazoea.

"Iko," Eucabeth akasema. Akakiweka kibuyu chini kwa upole kwenye nyasi, akanyoosha kidole kwa zile funguo. "Nataka kuoga, Bwana Kipkirui. Kwa yale maji moto ya Hosteli C, mimi na hawa wenzangu, kila jioni kabla ya kutoka. Halafu nifike kwangu, niingie kwa mlango, nile ugali na mama yangu."