Mikanda ya Shangazi

…na lau hiyo pua ingeacha kumwasha, pengine haya mengine yangevumilika, lakini pua ikishaingia ndani ya helmeti si yako tena, huifikii, unaitazama tu kwa pembe ya jicho kama jirani mliyekosana, na mikono imo ndani ya glovu nene, na kiwiliwili kimefungwa kwenye kiti kama godoro juu ya lori la kuhamia, mikanda sita, miwili ya mabega, miwili ya kiuno, miwili ya mapaja, yote inakutana kitovuni kwenye kifungo kimoja kikubwa kama kisosi, daktari mzima wa meno, miaka hamsini na mbili, kitambi kimegawanywa mafungu manne, amekaa katikati ya barabara mchana kweupe akisubiri aambiwe nenda, mbele yake magari kumi yamepangwa mawili mawili kama watoto wanaopelekwa kupimwa macho, na pembeni kasimama mshika bendera wa klabu, bwana mnene mwenye filimbi, kainua ubao ulioandikwa TATU, dakika tatu, na ubao huo unasema tatu tangu lini, tangu watangaze kwamba mashindano yaliyotangulia yamemwaga mafuta kona ya pili, yanamwagiwa saruji, zimeni injini, subirini, basi Shangazi naye akazimwa, Shangazi ndiye hili gari, jekundu, la zamani kuliko ndoa yake, wamempa jina hilo kwa sababu hawaki mpaka abembelezwe, ananuka petroli na ngozi kuukuu, na hajapata kutoka nyumbani akarudi bila lalamiko jipya, akazimwa, na kimya kikaingia, na kimya ndicho kibaya, injini ikinguruma hofu haisikiki, sasa inasikika vizuri tu, inapiga kifuani kama mtu anayegonga mlango wa choo, toka, toka, na wewe huwezi kutoka… Haitauma, ndivyo anavyowaambia wagonjwa wake, miaka ishirini na miwili sasa, haitauma hata kidogo, fungua mdomo, na wao wanakishika kiti kwa mikono miwili kama kinataka kuwakimbia, naye huwatania, kiachie tu bibi, kiti hiki hakijawahi kwenda popote, wanacheka mdomo wazi na hapo hapo sindano inaingia, ni mbinu, utani unaingia kwanza na sindano nyuma yake, na leo yeye ndiye kaushika usukani wa gari lililozimwa, kaushika hasa, na hakuna wa kumtania… "Baba Pacha, unanisikia?" hiyo ni redio, sauti ya mkewe imo ndani ya sikio kabisa, karibu kuliko ikiwa juu ya mto mmoja naye kitandani, "wanasema saruji bado kidogo, tulia, usilale," na yeye anabonyeza kitufe cha usukani anasema, "Nalala, ukisikia nakoroma usijibu," na mkewe anacheka, na kile kicheko kinamkata kama… basi tu, kinamkata. Hofu ya nini lakini, haya ni mashindano yake ya ishirini na saba, amekwisha kugongwa, amekwisha kuzunguka kama pia mbele ya watu mia mbili, akiwa masomoni katika nchi ya baridi alikutana na mchezo huu kwenye uwanja wa ndege uliokufa, aliingia kuomba maji akatoka na ugonjwa, na tangu hapo kona hazimtishi, mvua haimtishi, gharama nazo alikwisha kuzizoea kama mtu anavyozoea mguu mfupi, hapana, leo haogopi chochote kilicho mbele yake, anaogopa kitambaa cha ukubwa wa stempu ya barua kilicho nyuma ya bega lake la kushoto, lebo, kwa sababu mikanda ya mashindano ina mwaka wake wa kufa, umeandikwa pale kwenye lebo, mwaka ukifika unaitupa hata kama inang'aa, klabu hii ni ya watu wazima wanaocheza lakini kwa mikanda hawachezi, na mikanda ya Shangazi ilikufa mwaka jana. Aliijua siku yake. Alikuwa ameweka kando hela ya mipya, kabisa, kwenye bahasha, akaiandika MIKANDA kwa mkono wake mwenyewe, halafu akaziona zile rimu, rimu nne za rangi ya fedha, zinazunguka hata zikiwa zimesimama, mtu wa miaka hamsini na mbili akapendana na rimu, na mkewe alipouliza mikanda umeshanunua akajibu nimeshamaliza hayo, jibu la kidaktari, halidanganyi na wala halisemi… kisha Mrefu, yule mfamasia, mwanachama mwenzake, akabiringika mara tatu mbele yao wote, waokoaji wakamkata mikanda kwa kisu wakamtoa akiulizia kiatu chake cha kushoto, bega tu limevunjika, mikanda mipya ilimshika, ilimshika vile mama anavyomshika mtoto barabarani, na vile vipande vilivyokatwa vikatupwa kwenye pipa nyuma ya banda la klabu, na lebo yake bado ina miaka miwili ya kuishi, na yeye, mtu anayenawa mikono mara arobaini kwa siku, akainama ndani ya pipa na wembe, akaifumua uzi mmoja mmoja, kwa uangalifu, jino la mtoto hajawahi kuling'oa kwa uangalifu ule. "Baba Pacha, huyu bwana wa gari namba nane anauliza kama umekata tamaa au umekata roho," inasema redio, na nyuma yake watu wanacheka bandani, anabonyeza, "Mwambie nimekata kona," hajui hata maana yake, mdomo unajiendea wenyewe kama kuku aliyekatwa kichwa, na hapo kiko chumba cha cherehani, kinakuja chenyewe, jioni ile, mkewe kazungukwa na sare za wauguzi, oda ya hospitali, mita ya kupimia shingoni, pini mdomoni, na yeye kaingia na mkanda wa Shangazi mkononi kama mtu aliyemshika nyoka mkia, nishonee hii Mama Pacha, lebo imefumuka, na mkewe akazitoa pini mdomoni, akauchukua mkanda, hakuitazama lebo, aliusugua mkanda wenyewe kwa vidole viwili, akaupeleka dirishani, akasema, "Kitambaa hiki kimekufa." "Kimekufaje, kilikuwa kinaumwa?" "Kimeliwa na jua. Ona, kinatoa unga. Mimi hiki nisingekishonea hata mkoba wa vitunguu." "Mke wangu, hiyo ni mikanda ya mashindano, si suruali." "Suruali ikipasuka unaona aibu tu," alisema, "hii ikipasuka utaona nini?" na akamtazama juu ya miwani, na pale palikuwa na mlango, mlango ulikuwa wazi kabisa, angesema tu, lakini alifanya nini, alitania, alisema nitaona mbingu kabla yako nikuwekee kiti, na mkewe akacheka, akatikisa kichwa, akauliza uzi mweusi au mwekundu, na cherehani ikalia mara nne, pande nne, basi. Mshono mzuri. Mkaguzi mwenyewe alisema asubuhi hii, mzee wa tochi, aliinama ndani ya Shangazi, akaisoma lebo, akairudia, akapitisha dole gumba juu ya uzi taratibu, na daktari wa meno akahisi jasho linateremka uti wa mgongo kituo kwa kituo, na mzee akauliza bila kuinua kichwa, "Nani kashona hapa?" na mkewe kutoka nyuma, kidole juu kama mwanafunzi bora wa darasa, "Mimi," na mzee akasema, "Una mkono, mama," akabandika stika, akaenda zake, na nani aliyecheka kwa sauti kuliko wote, nani aliyesema kwetu sisi hata mume anatiwa kiraka… TATU, bado tatu, mshika bendera anajipepea kwa ubao, jua limekaa juu ya kioo, na ndani ya ovaroli kumeanza kuiva kitu, yeye, na shingo haigeuki sana lakini macho yanafika, yanafika mpaka bega la kushoto, na pale juu ya kitambaa cha bluu cha ovaroli, kando ya mkanda, kuna unga. Mwembamba. Wa kijivu. Kama ule wa chaki baada ya somo. Anapuliza, ndani ya helmeti unapuliza nini, miwani inaingia ukungu, dunia inapotea, inarudi, unga upo. Haya, ataendesha polepole, ndiyo, atawaacha wapite, nusu saa ya adabu, mkanda hauulizwi swali na mtu anayekwenda polepole… "Mimi nimekwisha kuvaa," inasema redio, "glovu zinanibana, lakini nimezipenda. Sikiliza. Nusu saa yako usiipitishe hata dakika moja, mimi nataka yangu yote. Na ukitoka usiilegeze sana hiyo mikanda, nitaikaza mwenyewe." Nitaikaza mwenyewe. Saa moja ya mashindano, madereva wawili, gari moja, kiti kimoja, mikanda ile ile, alilijua hilo, fomu alijaza mwenyewe, jina lake na chini yake la mkewe, na mkewe alikwenda kuchukua leseni mwezi wa tatu kwa sababu alisema amechoka kuwa mjane wa kila Jumamosi, alisema mahafali ya pacha wetu ulifika yamekwisha na mikono yako ina grisi, siwezi kukutoa humo Baba Pacha kwa hiyo naingia, na akaingia, akafanya mazoezi kwa gari la mafunzo la klabu mpaka walimu wakaacha kucheka, yote hayo aliyajua, kama unavyojua kwamba una ini, hujawahi kuliona tu, na sasa ameliona, anaiona mikanda hii inavutwa juu ya bega jembamba, lile bega lenye alama ya mita ya kupimia, anakaza kwa mikono miwili, anakaza hasa, fundi, hapendi kitu kilegee, na kona ya pili ina saruji juu ya mafuta, na unga unatoka… Aunguze klachi! Ndiyo, aiunguze hapo hapo kwenye kuondoka, moshi, pole jamani, Shangazi kafa, Shangazi hasemi, Shangazi ameshasingiziwa mengi, wataburuzwa mpaka bandani, mkewe atasikitika siku mbili, Jumatatu anaagiza mikanda mipya kimya kimya, hakuna aliyeumia… lakini itatosha mara ngapi, na Mrefu akimtembelea nyumbani akaanza kusifia mshono, akaitambua lebo yake, na zaidi, hili ndilo baya kuliko yote, likitokea lenyewe, leo au siku yoyote, watakuja watu na kamera, watakata mikanda, watageuza lebo, na uzi watakaoukuta ni wa nani, mweusi, pande nne, mkono wa nani. Mkono wake yeye haumo. Mkono wake haumo popote. Alihakikisha, bila kujua alihakikisha, amemshonesha mkewe… na kiganja cha kulia kimeshaachia usukani. Kinatoka dirishani. Sheria ya klabu, mkono juu ukiwa kwenye mstari maana yake gari lina kasoro, usianzishe mashindano, naye anainua mkono mpaka kwapa linauma, na mshika bendera anauona, uso wake wote unafurahi, anampungia, kwa sababu ni nani katika klabu hii anayepunga mkono kabla ya kila mashindano, ni nani anayerusha mabusu kwa watazamaji tangu msimu wa kwanza, na dereva wa pembeni naye anapunga, na redio inasema, "Acha vituko, mume wangu, watu wanakuangalia," naye anautoa wa pili, kwa kujipinda, mikono yote miwili nje kwenye dirisha moja kama mtu anayezama, na mshika bendera anacheka mpaka filimbi inamdondoka, anacheza hatua mbili, ubao wa TATU kiunoni. Ishirini na sita. Mara ishirini na sita kabla ya leo amewafundisha hivyo. Basi mikono inarudi ndani, inashuka kitovuni, inakipata kile kisosi, inakizungusha, kla, na mikanda sita inamwanguka kwa pamoja, mabega, kiuno, mapaja, kitambi kinarudi kuwa kimoja, na mshika bendera anaacha kucheza. Anatazama. Hapa hajawahi kuonyeshwa utani wa namna hii. "Mbona umefungua?" inasema redio. "Baba Pacha. Mbona umefungua? Kuna nini?" Anabonyeza kitufe, na lile neno la miaka ishirini na miwili liko tayari ulimini, limekuja lenyewe, laini, halitaki hata kuitwa, na anasikia pumzi ya mkewe ikisubiri upande wa pili, na kule mbele ubao unainuliwa tena polepole, bado tatu, na hofu iko pale pale ilipokuwa, haijasogea hata inchi, ila sasa anajua ni ya nani.

"Njoo hapa, Mama Pacha," anasema. "Njoo na miwani yako. Itauma."