Maji Yasiyochafuka

Samaki wa mwisho alikuwa ameganda juu ya maji, mdomo nje, akitweta. Muuguzi alimwona kabla hata hajavua viatu vya kazini, roho ikamruka.

Samaki wenzake walikuwa wameshakufa mmoja mmoja tangu tangi lile la kioo liwekwe sebuleni. Mume wa muuguzi alilinunua kwa ajili ya baba yake mzazi, mzee ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa hasemi, halali, na kula kwake ni kwa kubembelezwa. Samaki ndio waliomtoa chumbani. Akawa anakaa mbele ya kioo, akawapa majina ya utani, siku moja hata akacheka peke yake. Walipoanza kufa, akafunga begi. "Huyu wa mwisho akiondoka, na mimi mnirudishe kwangu," alisema. Kwake! Nyumba tupu, hata wa kumgongea mlango hakuna. Kila mtu alijua anakwenda kungoja nini huko.

Sasa hapa muuguzi wetu lazima tumseme kidogo. Muuza samaki alimweleza vizuri kabisa: "Tangi bado changa hili. Badilisha robo tu, mara moja kwa wiki, tena kwa maji yaliyolala kwenye chombo, dawa ya bomba iishe. Ukiona ukungu, usishtuke. Yanakomaa hayo." Lakini huyu ni mtu wa chumba cha upasuaji, ananawa hadi viwiko, mkasi ukianguka anautazama kama nyoka. Aliposikia robo, alijiuliza ni mwehu gani anayeacha robo tatu ya uchafu. Basi kila alfajiri, mzee akiwa bado chumbani, alihamishia samaki kwenye beseni, akamwaga maji yote, akasugua mawe, akakamua sponji ya chujio chini ya bomba, akajaza upya. Hakumwambia mtu. Na kila jioni akirudi alikuta maji yanametameta kama ametoka kuyamimina, akajipongeza kimoyomoyo.

Leo hakujipongeza. Alikimbilia bafuni kuchukua ndoo, ayabadilishe yote tena, sasa hivi. Ndoo ilikuwa inachuruzika maji. Mpira wa kunyonyea maji tangini nao ulikuwa umelowa. Aliviacha alfajiri, vilipaswa kuwa vikavu zamani.

"Umerudi mapema, mama," sauti ilisema nyuma yake. Baba mkwe alisimama mlangoni, mikono ya shati imekunjwa, imelowa.

"Baba, nani ameshika hii ndoo?"

Mzee akatazama sakafu. "Mimi. Kila mchana nabadilisha maji. Yote. Wewe mtu wa usafi, unarudi umechoka. Niliona aibu ukute samaki wangu wamekuchafulia sebule."

"Kila mchana?"

"Kila mchana."

Muuguzi akaiweka ndoo chini. "Baba, na mimi nayabadilisha kila alfajiri."

Walitazamana, watu wawili wenye adabu zao, waliooneana haya hadi wakamaliza ukoo mzima wa samaki. Muuguzi akapiga simu.

"Acheni!" muuza samaki alifoka. "Mnawaua kwa usafi! Mnamwaga vijidudu vinavyokula sumu ya uchafu wao! Ondoeni robo, wekeni maji yaliyolala, halafu mikono mfukoni. Yakiwa meupe kama maji ya mchele, msiguse!"

Jikoni kulikuwa na pipa la akiba, limejazwa jana. Wakatoa robo, wakamimina taratibu, jagi kwa jagi, kisha wakakaa. Samaki akalala ubavu. Muuguzi akanyanyuka, mkono tayari unaelekea kwenye ndoo. Mzee huyu, kwa heshima ya mkwe, hata kikombe cha chai hakuwahi kukipokea mkononi mwa muuguzi. Alingoja kiwekwe mezani. Sasa akamdaka kifundo cha mkono, akakibana.

"Kaa, mwanangu."

"Nimemuua, baba."

"Tumemuua wawili. Kaa."

Akakaa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa umeshikwa na wa pili aliukalia mwenyewe. Samaki akajiinua, akalala tena, akajiinua.

Kulipokucha, maji yalikuwa yamejaa ukungu, na chini karibu na mawe mkia ulitikisika. Alikuwa hai. Lakini ukungu ule! Muuguzi aliwashwa viganja.

"Baba, ichukue ndoo ukaifiche chumbani kwako. Sijiamini."

"Basi mpira kaa nao wewe. Mimi ndiyo kabisa sijiamini. Siku ya robo ikifika tutaitana."

Mzee akaingia na ndoo yake. Muuguzi alisikia kitu kikiburutwa chini ya kitanda, kisha zipu. Akasogea hadi mlangoni.

"Mama!" mzee aliita. "Ndoo imekosa pa kukaa, begi limejaza nafasi yote. Nitafutie hanga, nitundike hizi nguo."