Wasiofungua Mlango

Alhamisi asubuhi nilihesabu mifuko ya dawa nikakuta mmoja haupo.

Mimi shule niliacha mapema, dawati lilikuwa linaniwasha. Naendesha pikipiki ya shirika la mtaani linalowapelekea dawa za presha na sukari wazee wasioweza kutoka nyumbani. Mdogo wangu wa kike yuko chuo, mwaka wa pili. Nyumbani mama anamwita msomi. Mimi ananiita "wewe". Chuo kilimtaka afanye mafunzo ya vitendo miezi miwili, akaja kwetu. Mimi naendesha, yeye anapanda ngazi na mfuko na fomu.

Sheria yetu fupi. Unagonga, unasubiri dakika tatu. Asipofungua mtu, unaandika "hayupo" na dawa inarudi ofisini. Mzee akiandikwa hayupo wiki tatu mfululizo, nafasi yake anapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi. Aliyekuwepo kabla ya mdogo wangu alimaliza nyumba ishirini na tano kwa siku. Yeye anamaliza arobaini. Mratibu alimsifia mbele ya ofisi nzima, na mimi kichwa kikanivimba kama vile ndimi niliyegonga.

"Profesa," nikamwita, "mfuko wa yule bibi fundi cherehani uko wapi?"

"Ameondolewa. Hayupo mara tatu."

"Hayupo aende wapi? Miguu ile?"

Akaniangalia. "Kaka, niligonga. Wiki zote tatu."

Hapo nikakumbuka. Wiki iliyopita, yeye akiwa juu anagonga, mimi niko chini kwenye pikipiki, pazia la ghorofa ya tatu lilisogea na mkono ukanipungia. Kisha ukatoka dirishani polepole. Nikamwambia hivyo.

"Na hukusema?"

"Nilijua anakuja kufungua."

"Halafu ukapiga honi," akasema. "Nikashuka mbio."

Kweli nilipiga. Kukaa bure siwezi, mtu akichelewa ngazini mkono unaenda wenyewe.

Mdogo wangu alivaa kofia ngumu akapanda nyuma, na njia nzima nilisikia vidole vyake vimenikaba ubavuni. Nilikuwa najumlisha: wiki tatu, mtu wa presha, peke yake.

Tukapanda wote ngazi za jengo la bibi, hazina taa wala chuma cha kushikilia. Mdogo wangu akagonga. Kimya. Akagonga tena.

"Bibi! Ni sisi wa dawa!"

Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikapita, na mimi nikaanza kuuangalia ule mlango nikipima nitaupiga teke wapi.

"Tulia," akaninong'oneza. Jasho linamtoka puani. "Sikiliza."

Kitu kilikuwa kinaburuzwa huko ndani. Krr. Halafu kimya kirefu. Krr. Mdogo wangu aliweka kiganja kwenye mbao, hakukitoa. Mpaka komeo linafunguka, simu yangu ilikuwa imehesabu dakika nane.

Bibi alisimama ameegemea kiti cha mbao, anakisukuma mbele kisha anakifuata. Midomo imekauka, uso umevimba.

"Leo mmesubiri," akasema. "Kuna nini, mmefukuzwa kazi?"

Hatukucheka. Mdogo wangu akamkalisha palepale mlangoni, akamuuliza dawa zimebaki ngapi.

"Nakata kidonge kimoja mara nne. Kimebaki robo. Ninyi si ndio mnagonga kama polisi, nikifika hapa nasikia viatu vinashuka? Naita, sauti haifiki."

Mdogo wangu akatoa simu, akampigia mratibu, akaweka sauti kubwa. Nilidhani atanitupia mimi lawama, na ningestahili.

"Fundi cherehani yupo," akasema. "Sikumsubiri vya kutosha."

"Nafasi yake imeshakwenda."

"Najua. Na siyo yeye tu. Kuna wengine kumi na wanane niliowaandika hayupo. Sijui ni wangapi walikuwa njiani wanakuja mlangoni."

Nikamsikia mratibu anafunua karatasi.

"Kesho natuma ripoti yako chuoni, binti. Unataka niandike nini?"

"Andika hivyohivyo nilivyofanya."

"Chukueni akiba ya kabatini, mpelekeeni," mratibu akasema. "Ya wiki hii. Wiki ijayo siahidi kitu."

Tukaenda, tukaileta. Mdogo wangu alimnywesha bibi mwenyewe, kisha akakunjua fomu zake zote sakafuni, akazungushia kalamu wale kumi na wanane.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, nyumba ya tano mtaa wa nyuma. Ameandikwa hayupo mara mbili. Hapa pia nilizima pikipiki, nikapanda naye. Tukagonga.

Dakika tano. Kumi. Mdogo wangu ameweka sikio mlangoni, macho kayafumba.

"Unasikia kitu?"

"Nyamaza, kaka."