Kiti cha Kando ya Dereva

Merle Haskamp alilikagua basi lile la kuishi ndani kama mtu anayenunua ng'ombe wa maziwa. Alilala chali mchangani akamulika uvunguni kwa tochi, akasoma mwaka wa kutengenezwa kwa kila tairi, akawasha jenereta na kutega sikio, kisha akapanda ngazi ya nyuma na kugongagonga paa kwa vifundo vya vidole. Jua la Arizona lilikuwa limeshapanda. Mwenye basi, mzee Orrin Peck, alimfuata kila alikokwenda, kikombe cha kahawa mkononi, hana haraka.

"Ni kweli nyumba mmeshauza?" Orrin aliuliza.

"Tumeshauza. Kule Iowa hatuna hata mlango wa kubisha," Merle alijibu kwa fahari, kana kwamba hiyo ni akili.

Mkewe, Twyla, ndiye aliyetumwa kuangalia ndani. Alikuwa na sharti moja tu: wakishanunua, safari ya kwanza iwe Duluth, kwa dada yake Nadine, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka na madaktari walikuwa wameacha kuahidi chochote. Merle alikubali. Kwa hiyo Twyla alifungua makabati, akajaribu maji ya moto na kuusifu ukubwa wa kitanda, akiomba mambo yaishe waondoke.

Marge Peck, mke wa Orrin, alikuwa akielea darini. Mgongo wake uligusa taa, miguu ilikuwa usawa wa sinki, na alikuwa akifuma soksi.

"Samahani, sikukuona," Twyla alisema.

"Watu hawatazami juu. Hilo jiko la kushoto huchelewa kuwaka, uwe na subira nalo."

Twyla alimuuliza amefikaje pale. Marge alielekeza sindano yake kwenye kiti cha kando ya dereva. Ngozi ya kiti hicho ilikuwa imepauka na kubonyea, ilhali kiti cha dereva kilikuwa kama kipya.

"Kile kinakula uzito. Kidogo kidogo, wala husikii. Mwanzoni nilidhani nimekonda, nikafurahi."

"Si ungeshika usukani wewe?"

"Niliomba," Marge alisema, akaendelea kufuma.

Ndipo Twyla alipoogopa. Hofu ilimwanzia miguuni, akajikuta anakanyaga sakafu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alitoka akamweleza mumewe mbele ya Orrin. Mzee hakukana. Alisema angewaambia tu kabla ya kutia saini, kwa kuwa yeye si mtu wa kumuuzia mwenzake mbuzi ndani ya gunia. Merle alijikuna kidevu.

"Na kwenye mafuta, je? Linaathiri?"

"Linasaidia. Hasa milimani."

"Merle," Twyla alisema, "mimi naweza kujifunza kuendesha."

"Hili si gari la kwendea sokoni, mpenzi."

"Basi nikae nyuma, kwenye kochi."

"Na kioo cha kulia nani ataniangalizia? Mizimu? Twyla, usiku huu tutalala wapi tusipolichukua?"

Waliweka saini. Orrin alimfunga mkewe kamba kiunoni, akamshusha na kumvusha uani hadi nyumbani, akafunga mlango kwanza ndipo akaiachia kamba. Aliwaachia bure mkanda uliojaa vipande vya madini mazito ya risasi, ule ambao Marge alikuwa akiuvaa siku za upepo.

Hawakwenda Duluth. Walianza na Texas, kwenye mkutano wa wenye mabasi kama lao, kisha wakashuka Florida, kwa sababu baridi ya kaskazini ingepasua mabomba. Kila walipovuka mpaka, Merle alibandika stika ya jimbo jipya kwenye ramani iliyokuwa mlangoni kwa nje, kama wafanyavyo watu hao wote.

"Uko wapi sasa?" Nadine aliuliza kwenye simu.

"Tunakaribia," Twyla alisema, na sauti yake ilimtisha mwenyewe, ilivyokuwa nyepesi.

Mikutanoni, basi lilipimwa uzito gurudumu kwa gurudumu. Pembe ya mbele kulia, chini ya kiti cha Twyla, ilizidi kupungua uzito, na Merle alifurahi. Alinunua jiko kubwa la kuchomea nyama akalipakia upande huo. Twyla alivaa mkanda wa risasi juu ya gauni, mpaka mkanda nao ukaanza kunyanyuka pamoja naye. Aliogopa kupiga chafya. Aliogopa milango iliyoachwa wazi kuliko alivyowahi kuogopa mauti.

Barafu ilipoyeyuka, waliingia Duluth. Wakati huo Twyla alikuwa akiishi darini, chini ya dirisha la kioo la kwenye paa, na Merle alikuwa ameshazoea kumpa kahawa kwenye kikombe chenye kifuniko. Mtaa wa Nadine ulikuwa mwembamba, magari yameegeshwa pande zote mbili. Merle alipunguza mwendo kwenye kona ya nyumba yake.

"Niteremshe hapa, Merle. Nifunge kamba."

"Kwa upepo huu wa ziwani? Utapeperuka. Na hili jumba nitaliegesha wapi?"

Twyla alimwona dada yake kwenye dirisha la ghorofani, amevaa gauni la kulalia, ameegemea kioo. Nadine alikuwa tayari anapunga mkono. Alitazama kiti cha kando ya dereva, akakiona kitupu. Aliutazama usukani, akamwona Merle peke yake. Mkono ukashuka taratibu. Twyla alipiga kioo cha darini kwa viganja vyote viwili, lakini viganja vyake havikuwa na uzito wa kutoa sauti.

Nadine naye hakutazama juu.

"Umemwona?" Merle aliuliza walipofika barabara kuu.

"Nimemwona."

"Haya. Ahadi ni deni, na mimi nimelipa."

Alisimama kwenye kituo cha mafuta, akashuka na kuufunga mlango nyuma yake kwa uangalifu, kama alivyomwona Orrin akifanya. Kisha akabandua kwenye karatasi yake stika ya Minnesota, jimbo la Duluth, akaibandika mahali pake kwenye ramani, akaipapasa kwa kiganja mpaka ikashika vizuri.