Mkono Uliomnyima Mwenyewe

Asubuhi ile Askale alikata kitunguu katikati. Nusu aliitia sufuriani, nusu akaifunika kwa kikombe cha kahawa kilichomeguka, isinyauke mpaka kesho. Alikikaanga kitunguu bila mafuta, akikinyunyizia maji kidogo kidogo mpaka kikalainika, na mwisho kabisa ndipo akatia kijiko kimoja cha mafuta, kwa ajili ya harufu tu. Mafuta yalikuwa yamepanda tena pale Debre Berhan. Mji wenyewe uko juu milimani, baridi yake inauma hata jua likiwaka, na watu wenye baridi hula sana. Hiyo ndiyo ilikuwa vita ya Askale kila mwezi.

Kwa kubana matumizi hakuna aliyemfikia. Unga wa tefu, ile nafaka ndogo ya kule, aliuchanganya na wa shayiri, na tefu ilipopanda bei, shayiri ikaongezeka, mpaka injera zake, mikate mipana ya kumegea mchuzi, zikawa ngumu kidogo pembeni na yeye akasema hivyo ndivyo zinavyopendwa mjini. Injera ya jana aliivunjavunja akaichemsha na pilipili, ikawa chakula cha asubuhi. Makaa yaliyobaki aliyazima kwa maji, akayaanika dirishani. Kahawa aliichemsha mara tatu kwa unga uleule, kama wafanyavyo wote kule. Ila ya kwanza ilikuwa ya mume na wageni, ya pili ya watoto, na ya tatu, ile nyepesi wanayoiita baraka, ilikuwa yake. Wanaume wa mtaa wakiombwa hela ya sokoni, walikuwa na jibu moja: "Nenda kajifunze kwa Askale." Nawaambieni, maneno hayo yalimletea maadui kuliko kama angeiba kuku wa mtu.

Nyumbani walikuwa wanne. Mekuria, mumewe, alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi. Mtu mpole, hana makuu. Mshahara wake wote alimkabidhi mkewe, akajibakizia hela ya glasi moja ya araki siku ya Jumapili. Kassahun, mtoto wa kwanza, alikuwa amemaliza shule na sasa anatafuta kazi, na kule kutafuta kulimtia njaa ambayo wenye kazi hawaijui. Hirut, dada yake, alikuwa mwaka wa mwisho sekondari.

Walikula pamoja kwenye sinia moja, kama kila mtu pale. Na pale anayekupenda hakwambii. Anamega injera, anaikunja na mchuzi ndani, anakutia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Tonge hilo huitwa gursha, na ukilikataa umetukana. Askale alikuwa bingwa wa gursha. Mkono wake ulizunguka sinia, huyu funga, huyu fungua, "Haya, mwanangu, hili la mwisho," na likija la mwisho jingine. Sinia ni la wote, kwa hiyo hakuna ajuaye nani kala nini.

Jioni ya siku ile ile ya nusu kitunguu, baada ya kuwalisha wote, Askale alimega kipande chake. Mkono ulipanda, ukafika kwenye mdomo wake, ukasita, kisha ukageuka kulia na kuingia kinywani mwa Kassahun.

"Ahsante, mama," alisema Kassahun, akatafuna.

Askale alimega kingine. Kile kilikwenda kwa Mekuria. Cha tatu kikamfuata Hirut, aliyekuwa anasoma kitabu chake huku anakula, akafungua mdomo bila kuinua macho.

"Leo umetudekeza," alisema Mekuria. Akafuta mikono, akaenda kulala.

Asubuhi Askale alijaribu akiwa peke yake. Alikaa jikoni, akamega injera ya jana, akafumba macho. Mkono haukwenda mdomoni. Ulimwinua kwenye kigoda, ukamtoa mlangoni, ukamvusha uwanja mpaka getini, ambako jirani yake Belaynesh, mjane, alikuwa anauza shayiri za kukaanga. Mkono ukamlisha Belaynesh.

Belaynesh alitafuna, akameza. "Chumvi imepungua," alisema. Kisha akamtazama mwenzake. "Kuna nini, shoga?"

"Mkono umenigomea. Unalisha watu wote, mimi hautaki."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

"Aa. Wa shangazi yangu wa Ankober ulikuwa hivyo hivyo."

"Akapona?"

"Tulimzika nao," alisema Belaynesh, akafunga shayiri za mteja.

Askale hakuwa mtu wa kukaa akajiinamia. Alijaribu mkono wa kushoto, ingawa kula kwa kushoto ni aibu. Wa kulia ukaudaka kwenye kifundo ukaushikilia mpaka chakula kikapoa. Alijaribu kijiko, na kijiko kikaenda getini. Belaynesh akamshauri ainamie sinia, ale kwa mdomo mtupu. "Mimi si ng'ombe," alisema Askale, lakini siku ya tatu njaa ilimshinda akainama. Mkono ulilivuta sinia, ukalifunika vizuri na kuliweka juu ya kabati, chakula cha kesho. Maji tu ndiyo mkono ulimruhusu anywe. Na ile kahawa ya tatu.

Alikwenda zahanati. Mganga pale alikuwa kijana, na mkate wake wa mchana ulikuwa mezani umefungwa kwenye karatasi. Alimwambia akunje vidole, akunjue, ashike, aachie. Wakati anaandika, mkono ulifungua karatasi ukamlisha mkate wake mwenyewe.

"Mkono ni mzima kabisa," alisema, mdomo umejaa. "Nyumbani nani mwingine anaumwa?"

Alikwenda kwa kasisi. Kasisi alimwagia maji ya baraka, akapokea gursha yake kwa heshima, akaubusu ule mkono. "Mkono wa kutoa ni mkono wa heri," alisema. "Usiuzuie, binti yangu." Kwa hiyo Askale alirudi na mkono ambao sasa ulikuwa na idhini ya kanisa.

Belaynesh ndiye aliyemwokoa, jamani, tuseme kweli. Kila siku saa ya kahawa alikuja na kipande cha injera ndani ya kitambaa, akammegea. Tonge la mtu mwingine lilipita bila shida. Mkono wa Askale ulilala mapajani ukitazama tu. Mjane mwenyewe hakuwa na kitu, anaishi kwa shayiri na mvuto wa maneno, lakini alikunja matonge makubwa makubwa. "Fungua, shoga. Fungua vizuri, unafungua kama bwana harusi!"

Siku moja Hirut alirudi shule mapema. Alimkuta mama yake jikoni, amefumba macho, anatafuna, machozi yanamtoka kwa utamu wa dengu. Belaynesh alikuwa anakunja jingine.

"Mama! Unalishwa na jirani kwani sisi tumekufa?"

"Mkono wake umegoma," alisema Belaynesh. "Mwezi wa pili huu. Ninyi mlikuwa mnatafuna, mngeona nini?"

Hirut alisimama pale na begi lake begani. Aliona haya mpaka masikio yakamuuma. Alikumbuka matonge yote aliyofungulia mdomo huku macho yakiwa kitabuni. Aliweka begi chini, akanawa mikono, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamega.

Kuanzia jioni ile Hirut alikaa kulia kwa mama yake na kumlisha, tonge moja lake, moja la mama. Mekuria alielezwa, akasikitika sana, akasema mkono ni kazi nyingi, utapumzika utapona. Kassahun akasema ana rafiki ambaye goti lake lilifanya hivyo. Basi, wakaendelea kula.

Askale alinenepa. Ikagundulika kwamba ana mashavu. Aliimba akifua, na siku moja mtaani alicheka kwa sauti mpaka watu wakatoka nje kuona ni nani, maana kicheko kile kilikuwa hakijulikani. Waliomchukia wakaanza kumsalimia. Belaynesh alimwangalia akitoka na ndoo kichwani akasema, "Kumbe chini ya yale yote kulikuwa na mtu."

Kisha unga uliisha. Uliisha mwezi ukiwa bado una zaidi ya wiki nzima mbele yake, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Askale aolewe. Mekuria alifunua pipa, akachungulia, akaligonga ubavuni kana kwamba unga umejificha.

"Panya," alisema.

Hapakuwa na panya. Hata panya walikuwa wanajua ile nyumba haina makombo.

"Kassahun, umekuwa unaleta marafiki?"

"Mimi? Naapa kwa Mariamu, baba. Mimi nakula kama siku zote."

"Basi nani anakula? Mshahara ni ule ule. Tumenunua kipimo kile kile tunachonunua miaka yote. Kilikuwa kinatutosha watu wanne mpaka siku ya mshahara. Kimetokea nini?"

Askale alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kukunja mpaka pembe zikakutana. "Ni mimi," alisema. "Nimeanza kula."

"Kwani zamani ulikuwa huli?"

"Nilikuwa nakula."

"Nini?"

"Kilichobaki."

"Na siku isiyobaki kitu?"

Askale alianza kukunja shuka jingine. Mekuria alisimama na kifuniko cha pipa mkononi, na sisi tuliokuwa tukipita dirishani tulimwona akihesabu kwa vidole: yeye, Kassahun, Hirut. Alifika kidole cha tatu akasimama. Akaanza tena, akafika pale pale. Kipimo kile hakijawahi kuwa cha watu wanne. Maskini ya Mungu, alikaa chini kwenye sakafu ya baridi akalia, mwanaume mzima, na wala hakujifichaficha. Alimpenda mke wake. Hilo msilitilie shaka.

Jioni ile wakapanga matumizi upya, wote wanne, kwa mara ya kwanza. Belaynesh aliwakopesha unga wa kuwavusha. Mekuria alisema araki basi. Kassahun alisema kuanzia kesho atakula nusu. Mekuria alisema pia ataomba saa za ziada kiwandani, na kweli aliomba, lakini kiwandani wakamwambia hata hizo za kawaida ashukuru. Hirut hakuahidi kitu. Alikuwa anamlisha mama yake.

Araki iliachwa Jumapili mbili. Ya tatu Mekuria alialikwa na wenzake, na kukataa mwaliko ni kujitenga na watu. Kassahun alikula nusu mchana, kisha jioni akafidia, maana mtu hawezi kutafuta kazi kwa tumbo tupu. Tefu ilipanda bei tena. Makaa nayo yakapanda kwa sababu tefu imepanda, hivyo ndivyo muuzaji alivyoeleza. Na bado, mwisho wa mwezi, Mekuria alifunua pipa akakuta unga wa siku mbili umesalia.

"Mnaona?" alisema, uso umemng'aa. "Tumeweza! Kumbe ni kupanga tu. Haba na haba hujaza kibaba. Askale anakula, na unga umetosha."

Hesabu ikikaa sawa, nani anaifukua? Hakuna aliyeuliza ilivyowezekana. Hirut alikuwa mtahiniwa, na watahiniwa hukonda, kila mtu anajua. Mwalimu wake alimkuta amelala juu ya daftari mara kadhaa, akamwambia asisome sana usiku. Sketi yake ya shule aliifunga kwa pini kiunoni, na kwa kuwa ni mtoto wa Askale, pini yenyewe aliiokota njiani.

Siku ya mshahara Askale alipika shiro nzito, mchuzi wa unga wa dengu, na kitunguu kizima. Walinawa, wakakaa. Hirut alimlisha mama yake tonge la kwanza, la pili na la tatu. Halafu akamega kipande chake, akakikunja vizuri, akakipeleka mdomoni.

Mkono ulifika kwenye midomo yake, ukasita, ukageuka kushoto.

Askale aliuona unakuja. Alitaka kufunga mdomo. Alitaka kuusimamisha ule mkono mdogo, kuushika kwa nguvu, kuulaani, kulia, kumwambia mwanawe aondoke kwenye nyumba ile usiku huo huo na asirudi. Lakini mdomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka, kwa sababu alikuwa na njaa. Alitafuna. Lilikuwa tonge zuri, limejaa shiro mpaka pembeni, na alilimeza lote huku moyo unamvunjika.

Kisha mkono wake mwenyewe ulimega kipande, ukakikunja, ukampelekea Hirut. Hirut akafungua mdomo. Akampa mama tena, mama akampa tena, vipande vikizidi kuwa vidogo, maana mikono yote miwili ilikuwa inajua bei ya tefu. Upande wao wa sinia ulibaki karibu kama ulivyowekwa.

Mekuria aliwatazama, na moyo wake ukalainika. "Unaona mama yako na dada yako wanavyopendana?" alimwambia Kassahun.

"Naona, baba."

"Basi usiwakodolee macho." Alilizungusha sinia taratibu, ule upande uliojaa ukawageukia wao wawili. "Kula, mwanangu. Chakula kinapoa."