Nuru Iliyopigiwa Makofi

Mgeni rasmi hakatazwi. Ndivyo alivyonijibu Dokta Anyelwisye, msimamizi wangu wa shahada ya uzamivu, asubuhi ya uzinduzi wa maabara yetu ya leza hapo Mbeya. Nilikuwa nimemwomba kitu kimoja tu: mgeni akate utepe, apige picha, lakini asiguse kitufe cha volti.

Kipande changu cha utafiti kilikuwa na tabaka mbili, kila moja unene wa atomi chache. Nilikibandua kwa selotepu kutoka kwenye kijiwe cheusi. Vipande vingine vyote nilivyojaribu kubandua vilichanika. Ukikimulika kwa leza isiyoonekana kwa macho, kimya. Ukikipa volti kidogo, kinatoa nuru ya kijani. Ukiongeza, nuru inazidi. Ukipitiliza, kinaungua. Kilibaki kipimo cha volti za juu ili tasnifu yangu ikamilike, na nilipanga kukichukua mchana huohuo, polepole.

"Eveline, wewe shika sinia la mkasi," Dokta akasema. "Mitambo niachie mimi."

Nikashika sinia. Mwanafizikia mzima, nimevalishwa sare ya kitenge kama mpambe wa harusi.

Mgeni akakata utepe. Mshereheshaji akamkaribisha awashe sayansi. Akazungusha kitufe kidogo, doa la kijani likatokea kwenye skrini, watu wakapiga makofi. Waheshimiwa na makofi mnawajua. Akaongeza, kina mama wakapiga vigelegele. Akaongeza tena.

"Dokta, mwambie aishie hapo," nikanong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Usinitie aibu mbele ya wageni."

Doa liling'aa kuliko nilivyowahi kuona, kisha skrini ikawa nyeusi.

"Umeme umekatika, waheshimiwa," mshereheshaji akasema, ukumbi ukacheka. Taa za darini zilikuwa zinawaka. Tukaenda kula pilau.

Hasira ninayo mpaka leo. Ufadhili uliisha kabla sijapata kipande kingine, nikarudi kwetu Iringa. Sasa nafundisha fizikia sekondari huko Kilolo. Dokta siku hizi ni Profesa. Namtakia kila la heri, na Mungu anisamehe kwa uongo huo.

Chuo kimenitumia kalenda. Picha ya Januari ni mgeni rasmi, mkono kwenye kitufe, nyuma yake nuru kali ya kijani. Kipimo nilichokihitaji ndicho kile, na hakikurekodiwa. Mwenye kazi ya kurekodi yuko pembeni, ameshika sinia la mkasi.