Gari Langu Halikusukumwa

Walirudi alasiri, wakati mama alitakiwa awe amelazwa na bandeji kwenye jicho. Jicho lilikuwa wazi. Mdogo wangu wa kiume alinirudishia funguo za gari huku akitazama zulia.

"Samahani, dada. Betri ilitufia pale kilimani. Wasamaria wakatusukuma mpaka likawaka. Kufika kliniki, zamu yetu imeshapita."

"Walisukuma kwelikweli," mama akadakia kutoka kwenye kochi. "Mdogo wako akatia gia ya pili, akaachia klachi taratibu, likashtuka. Vijana wazuri wale!"

Mdogo wangu akafumba macho.

Hii ilikuwa mara ya pili kukosa upasuaji. Daktari alikwishasema kwamba presha ya jicho lile haisubiri mtu. Tukizidi kuahirisha litazima, na likizima haliwashwi tena. Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kuyakubali maneno yao kwa heshima tu.

Gari langu ni otomatiki. Halina klachi ya kuachia. Gari la gia za mkono ukilisukuma, magurudumu yanaizungusha injini nayo inaamka. Katika langu, kinachounganisha magurudumu na injini ni msukumo wa mafuta ndani ya giaboksi, na msukumo huo huletwa na injini yenyewe ikiwa inanguruma. Injini ikifa, hao wawili ni wapangaji wasiosalimiana. Mtaa mzima ungesukuma na lisingewaka.

Mdogo wangu amekuwa akitunga hadithi tangu aanze kusema. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba safari hii mama alimwitikia.

Nilitoka nje. Kazi yangu ni kukagua lifti, nami huanza na kile kisichojua kusema uongo. Vumbi lilikuwa limetanda sawasawa kwenye buti. Hapakuwa na alama ya kiganja hata kimoja. Nikawasha: liliitika mara moja. Nikarudi ndani.

"Hebu mikono yako."

"Dada, mimi mtoto?"

"Mikono."

Viganja vyake vilikuwa na kutu na magamba ya rangi ya buluu. Ncha za viatu zilikuwa zimechubuka. Basi kuna gari lililosukumwa, na aliyelisukuma ni yeye.

Marehemu baba alikuwa na gari la buluu, la gia za mkono, alilolipa jina Mkaidi kwa sababu staata yake ilikufa na hakuitengeneza kamwe. Baada ya mazishi niliagiza liondolewe. Mdogo wangu aliniapia kwamba amelipeleka kwa watu wa chuma chakavu.

Nikaanza kuunganisha: analificha gereji, analifanyia biashara, na leo mama alikalishwa kwenye benchi akingoja shughuli zake ziishe. Yote yaliingiana isipokuwa jambo moja.

"Ulipokuwa unasukuma," nikamuuliza, "nani alishika usukani?"

Akamtazama mama.

"Unamtazama nini mwenzio?" mama akaniambia. "Nani mwingine anayeijua klachi ya baba yenu? Mimi ndiye niliyemwambia alifiche. Nimelizungusha uwanja wa gereji tu, na jicho la pili linaona vizuri."

"Mama! Ulikuwa na upasuaji!"

"Baba yenu naye aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake. Akatoka amefunikwa."

Nikamweleza kwamba moyo si jicho, na kwamba hata dawa ya usingizi hatapewa, watatia ganzi tu. Yote yalikuwa kweli. Hayakumtikisa hata kidogo.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Nitaenda. Lakini si kwa hilo lako linalojiendesha. Nipelekeni na Mkaidi."

Nilimpigia daktari, akakubali kumpokea kesho yake asubuhi. Kulipokucha nikatangulia gereji, nikakagua breki, matairi na taa, nikitafuta sababu ya kukataa. Zaidi ya staata, sikupata.

Mdogo wangu akashika usukani, mama akakaa kando yake. Mimi na fundi wa gereji tukainama nyuma. Viatu vyangu vya kazini viliteleza kwenye kokoto.

"Haya, dada, hilo si lifti!" mdogo wangu akapaza sauti. "Hamna kitufe!"

"Nyamaza, shika usukani!" Mkono wa mama ulikuwa nje ya dirisha. "Bado... bado... Achia!"

Mkaidi akashtuka, akakohoa moshi, akanguruma. Nikakimbia nikaingia nyuma, viganja vyangu vikiwa vya buluu.

Kwenye lango la kliniki mama akashuka, akainyoosha khanga yake, akamgeukia mwanawe.

"Liegeshe pale kwenye mteremko. Wakati wa kurudi sitaki kungoja watu wa kusukuma."

Nilimshika mkono. Safari hii sikumwachia mpaka alipoingia mlango wa chumba cha upasuaji.